Tata, Barazani Ulisema Mengine

Tata,

Sitaanza kwa salamu. Nina hasira, na hasira hii ninayo tangu nikiwa msichana wa shule.

Unazikumbuka Jumapili zetu kwa mjomba Kaijage, Kagoma, baada ya ibada? Wewe, mnunuzi mkubwa wa kahawa, ulivua koti ukakaa naye mbele ya sinia la ebitooke, ndizi zilizopikwa, nami nikiwamiminia maji ya kunawa. Ulinguruma: "Waingereza hawawezi kutuchagulia wasemaji. Baraza la wilaya tulipigie kura wenyewe!" Mjomba, mkulima asiye na duka wala lori, alikusikiliza kama mtu aliye kanisani. Nami nikajivuna: huyu ndiye baba yangu.

Ikaja siku ya mkutano, Bukoba. Ulitupakia kwenye lori lako, mimi na mama tukakaa nyuma. Mjomba akasimama mbele ya mkuu wa wilaya, akayasema maneno yako yote kama ulivyoyasema mezani. Mzungu akakugeukia wewe: "Wafanyabiashara mnasemaje?"

Ukainuka, ukafunga vifungo vya koti. "Bwana mkubwa, watu wetu bado wachanga. Kura ije polepole. Huyu shemeji yangu amepotoshwa na wachochezi."

Amepotoshwa na nani, Tata?

Walimfunga. Alirudi Kagoma amekonda, anakohoa, na kahawa yake ikavunwa na wengine mpaka alipokufa. Leseni yako ya kununua kahawa haikuguswa. Bendera ya uhuru ilipopanda, ulikuwa mstari wa mbele unapiga makofi, ukiwaambia vijana, "Tulipambana!"

Mwezi uliopita wajukuu zako walilijenga upya kaburi lako, kibanjani, kwenye shamba letu la migomba Kagondo. Kwenye marumaru wakaandika: Mpigania Uhuru. Wakaniita nifunue kitambaa. Nikakataa, nikawasimulia yote mbele ya mchungaji. Mjukuu wako akaninong'oneza, "Shangazi, inatosha, watu wanasikia."

"Ndiyo maana nasema," nikamjibu.

Binti wa mjomba alikuwa amesimama nyuma na mwavuli wake. Alilia bila sauti. Kesho yake fundi akaja kuing'oa ile marumaru.

Kama ungekuwa hujui, ningekusamehe. Waoga wasiojua ni wengi. Lakini wewe ulijua kuliko wote pale barazani, ukamwacha Kaijage aende peke yake.

Lala, Tata. Mimi bado sijapoa.

Binti yako wa kwanza