Mayai Mawili Kwenye Kona ya Uwanja

Kyambogo, Kampala

Mama mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Goti bado linakusumbua? Mimi mzima, nimenenepa kwa matoke, ukiniona utacheka.

Bado nafyeka nyasi uwanja wa mpira. Wiki tatu zilizopita nilikaribia kufanya dhambi. Fyekeo limeshapanda juu, ndege mmoja wa miguu mirefu akanipigia kelele. Kumbe pale kwenye kona ametaga mayai mawili chini pakavu, rangi ya udongo. Na Jumapili polisi wanacheza na waendesha bodaboda, mtaa mzima unakuja! Wangeyakanyaga bila hata kujua.

Nikamwita Afande Otim, mkubwa wangu, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini. Kwake hakuna shida isiyotibika kwa chokaa.

“Leta mawe,” akasema. “Zungusha, paka nyeupe, kama kwa barakisi ya jeshi. Mtu hapana pita.”

Nikapaka. Mama, kesho yake wanaume wanapita pale kofia mkononi! Muuza chapati ameweka maua. Jumapili kapteni wa boda akagoma: “Sebo, bwana, nani nalala hapa? Sisi hapana cheza juu ya maiti.” Afande, hasira zimempanda, akamwonyesha mayai. Watu wakacheka weee, halafu wakakubali mstari usogezwe hatua sita.

Kipindi cha pili polisi mmoja akaukimbilia mpira hadi karibu na mawe. Yule ndege akatoka akiburuta bawa kana kwamba limevunjika, akielekea mbali na mayai. Polisi akauacha mpira, akamfuata kwa huruma mpaka katikati ya uwanja, ndege akaruka zake, mzima kabisa. Nyuma yake boda wakafunga bao.

Wenzangu walicheka mpaka machozi. Machozi yangu yalikuwa mengine. Nilikuona wewe pale kwenye kizuizi cha barabarani tulipokimbia vita, unachechemea na kulalamikia mguu, askari wote wanakutazama, sisi watoto tunapita nyuma yao. Sijawahi kukushukuru. Asante, Mama.

Vifaranga wameanguliwa juzi, wakaondoka na mama yao siku hiyohiyo. Afande amekataa mawe yatolewe.

Msalimie dada Furaha na mume wake seremala, na baba mdogo anayepiga ngoma kanisani. Furaha akukande goti kwa maji moto. Siku ile ulichechemea kwa uongo, leo ni kweli, na mimi niko mbali. Nikija Krismasi nitakubeba mgongoni hadi kanisani, hata ukinipiga.

Mwanao,
Baraka