Nyange na Ulimi wa Mahona

Jumatatu, 29 Septemba 1975
Nyange kapandwa na dume wa jirani! Nimeona kwa macho yangu, mara mbili, katulia kama bibi harusi! Ng'ombe wangu pekee, aliyeitwa tasa!

Mahona wa kamati ya mifugo alisemaje mkutanoni Agosti? Eti ng'ombe wa Mama Josepha kazaa mara moja basi, kizazi kimefungwa, achinjwe Sikukuu ya Uhuru. Halafu akanigeukia: na binti yako, chuo kizima kaenda kusomea makalio ya ng'ombe? Watu wakacheka. Hata Marcelina, wifi yangu! Nimewaandika wote moyoni.

Jumatano, 8 Oktoba
Dawa yenyewe? Chakula! Josepha wangu — Bibi Mifugo, tena darasani wa kwanza — alimpapasa Nyange mbavu, akasema, Mama, huyu hana uchawi, ana njaa. Kazaa kiangazi, maziwa yanamla nyama. Ndama anyonye asubuhi na jioni tu, nami kibuyu cha kukamulia nikitundike, nisimkamue. Kila siku mashudu ya pamba kutoka Nzega, pumba, chumvi. Nilibeba magunia kichwani, wakanicheka: huyo anamwandalia ng'ombe karamu! Sasa mbavu hazionekani.

Jumatatu, 20 Oktoba
Siku ya ishirini na moja tangu apandwe; asiyeshika mimba humtaka dume tena siku hizi. Dume kamnusa, Nyange kamsukuma kwa pembe. Hamtaki tena! Nimecheza peke yangu zizini.

Alhamisi, 20 Novemba
Mahona kaja. Kwa mlango wa uani! Dada yangu huku, dada yangu kule. Ng'ombe wake sita wamezaa, wamekonda, dume hawana habari naye. Eti, mashudu yapo?

Yapo magunia matatu. Nikasema hakuna.

Josepha kanikasirikia. Mama, ng'ombe wamekukosea nini? Hawajanikosea, mwanangu. Lakini bwana wao aombe palepale aliponitukania, mbele ya watu.

Ijumaa, 28 Novemba
Josepha ananiambia leo: kupandwa, hata kumkataa dume, si hakika ya mimba, mpaka yeye atie mkono ndani kwa nyuma, aipapase. Leo! Nami nimeshapita nyumba kwa nyumba nikijitapa! Nikamwekea Mahona dau, naye kakubali: mimba ikiwepo, ataomba mashudu hadharani. Isipokuwepo, Nyange ni kitoweo cha Uhuru, kisu atakuja nacho mwenyewe. Nikasema, njoo nacho!

Josepha kachukua wembe. Anakata kucha za mkono wa kupapasia.

Pombe nimepika mitungi minne. Marcelina atakaa mbele kabisa, aone vizuri. Jumapili, baada ya misa, kijiji kizima zizini kwangu, kumwona Josepha akimpapasa Nyange.