Hodi kwenye Kasri la Wafalme

Mama yangu mpenzi,

Nakubusu mikono, na natumaini ule mguu umepoa hata unapanda ngazi bila kumwita mtu. Sisi hapa Sydney wazima. Baridi imeanza kung'ata, na wazee ninaowatunza kazini hawataki kuoga, kwa hiyo asubuhi zangu zote ni kubembeleza.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini mjukuu wako Tima amepunguza maneno. Nikakudanganya kwamba amechoka na masomo. Kukwambia kwa mdomo nimeshindwa, labda kwa kalamu nitaweza.

Unajua shule iliwapeleka Hispania watoto wanaosoma Kihispania, na mimi nikaenda kama mzazi wa kusaidia kuwaangalia wasichana. Huko Seville tukapelekwa kwenye kasri la wafalme. Mama, ungelia. Mfalme mwenyewe alikuwa Mkristo, lakini waliomjengea ni mafundi Waislamu. Kuta zimechongwa maua na maandishi ya Kiarabu, hata jina la Mungu nikalisoma mwenyewe pale. Na kuingia kwake ni kama kwetu: ukivuka mlango huoni ndani. Njia inapinda kwanza, ili mgeni asiwakute wenyewe hawajajiweka sawa.

Tima alipofika kwenye ile kona akasimama. Unakumbuka tulipokuja Lamu ulivyomzuia mlangoni mpaka apige hodi na kuitikiwa. Tangu hapo hakuacha. Hata hapa Liverpool, mtaa wa Sydney tunapoishi, akienda kwa jirani yetu Mama Furaha, yule Mkongomani, hodi yake ilikuwa inaanzia kwenye lifti, na mwenyewe anajibu, "Karibu mutoto, ingia tu, sombe iko tayari," ndicho kisamvu chao. Basi pale kasrini mjukuu wako akaita kwa sauti yake yote, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu wao hakucheka. Alinigeukia akaniuliza kwa upole mtoto amesema nini, na alitaka kujua kweli. Maneno mawili matatu yangetosha. Lakini watu walikuwa wamejaa nyuma yetu, wote wanatutazama, na mwenye mtandio kichwani ni mimi peke yangu. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kazini kwamba si kitu, mtoto anafanya upuuzi tu. Kisha nikamshika Tima mkono nikamsukuma mbele.

Bustanini kuna mabirika ya maji, michungwa, yasmini, na tausi wanaotembea kama wao ndio waliolirithi kasri. Sikufaidi hata kimoja. Tima alikaa ukingoni mwa birika akanipa mgongo, na nilipomfikia akaniuliza kama amekosa adabu. Yeye, Mama, ndiye aliyeuliza hivyo. Nikasema hapana, nikamnunulia aiskrimu. Hiyo aiskrimu ndiyo ninayoionea haya kuliko yote.

Tangu turudi hapigi hodi popote. Kwa Mama Furaha anabonyeza kengele na kusimama kimya, mpaka Mama Furaha akaniuliza, "Nani alimukosea mutoto yangu?" Nikajifanya natafuta funguo kwenye mkoba.

Juzi nikaenda chumbani kwake. Mlango ulikuwa wazi nusu, namwona miguu kitandani. Nikapiga hodi. Kimya. Nikarudia, kimya. Ya tatu niliipiga taratibu, maana ulitufundisha kwamba usipoitikiwa mara ya tatu unarudi ulikotoka, na nilikuwa nimeshageuka aliposema, "Mum, just come in." Nikaingia. Tukazungumza habari za sare ya shule. Sikupata uso wa kumwambia kilichonipeleka.

Msalimie mjomba Athmani aliyenisomesha msahafu, umwambie herufi zake bado ninazo. Msalimie na shangazi Mwanamize, fundi wa mikate ya mofa, na wanawe wote.

Mama, Ijumaa ukipiga simu usinitafute mimi, nitampa Tima. Kabla ya salamu yoyote mpigie hodi, kisha usubiri, hata akikawia. Wewe ndiye uliyemfundisha, naamini atakuitika. Mimi nitakuwa nje ya mlango wake, nami nikisubiri kusikia "Karibu."

Ni mimi mwanao,
Mwanakheri