Sikio la Kushoto

Gendabi, 6 Juni 2022

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, mama hajambo, na maharage hayajaungua na baridi. Mimi ni mzima. Nyumba ya manesi bado haijaezekwa, kwa hiyo naendelea kukaa kwa rafiki yako Mzee Basili. Mkewe, Mama Natalia, ananiwekea maziwa kila jioni, hata nikichelewa kutoka zahanati.

Simu yangu ya kupiga picha ilitumbukia kwenye ndoo. Mnadani Katesh nimepata kamera ndogo ya video, inaingia mfukoni, na bei yake haifiki kuku watatu. Kwaya wanataka kununua kama hii, wameniomba niijaribu kwanza. Kadi yake iko humu ndani. Nenda nayo kwa Lukasi, kompyuta yake inaisoma, halafu uniambie kama inafaa. Wewe huwa husifii kitu ovyo.

Mwanao,
Odilia

Daudi, 15 Juni 2022

Mwanangu Odilia,

Marahaba. Tuko wazima, goti linaniambia mvua kila siku na mvua haiji. Mama yako anakusalimu.

Nimeona kuku na nimesikia upepo. Kitu cha bei hiyo lazima kina kasoro mahali, ila bado sijaijua. Kijaribu kwa jambo la maana. Nipigie picha ng'ombe wangu.

Unajua nilimweka kwa Basili, yeye anywe maziwa na apate samadi, ndama wawe wangu. Sasa ndama wawili mfululizo wamekufa. Ngozi aliniletea, sikatai, lakini ngozi haisemi ni ya ndama wa nani. Ng'ombe wangu ni mwekundu, ana baka jeupe bega la kulia, na sikio la kushoto lina mkato niliomkata mwenyewe. Mpige picha mwili mzima. Basili usimwambie sababu.

Baba yako

Gendabi, 24 Juni 2022

Baba,

Shikamoo. Poleni na ukame. Huku sote wazima.

Nimefanya ulivyosema. Niliibana kamera kwenye mti wa zizi ili mikono iwe huru. Mzee Basili ndiye aliyenishikia ng'ombe. Betri inaisha upesi, lakini mchana picha ni safi. Kadi iko humu, nakala nimeiacha kwenye kompyuta ya zahanati.

Sikumwambia sababu. Aliniuliza mwenyewe: "Baba yako anataka kumwona ng'ombe, au anataka kuniona mimi?" Nilicheka tu, baba, na sikupenda nilivyocheka.

Mwanao,
Odilia

Daudi, 2 Julai 2022

Odilia,

Marahaba. Sisi wazima, ila usingizi sina.

Nimeangalia kwa Lukasi mpaka akachoka na mimi. Mwekundu ni mwekundu. Lakini baka liko bega la kushoto, na mkato uko sikio la kulia. Huyo si ng'ombe wangu. Mtu ametafuta wa kufanana naye, akamkata sikio, akakosea upande. Nilihisi tangu ngozi ya kwanza.

Halafu wewe. Nimekuona unamsalimu mzee kwa mkono wa kushoto, naye anaupokea kwa kushoto, mnacheka. Ndivyo tulivyokulea? Au huko Gendabi ndiyo heshima mpya? Mama yako ameona aibu mbele ya Lukasi.

Jibu lako sitalisubiri. Wiki ijayo nampigia Basili.

Baba yako

Gendabi, 9 Julai 2022

Baba,

Shikamoo. Leo sina nafasi ya salamu ndefu.

Ulipopiga jana tulikuwa tunakula. Sauti ya simu ilikuwa kubwa, tulisikia wote, hata lile neno "mwizi". Mzee Basili aliikata simu. Aliosha mikono, akalala. Leo asubuhi hatukumkuta, wala ng'ombe hayupo. Anatembea naye kuja kwako.

Mimi sijawahi kumpa mzee mkono wa kushoto. Ndipo nikaiangalia tena ile video kwenye kompyuta ya zahanati. Maandishi kwenye gunia la mbolea yanasomeka kinyumenyume. Kamera inageuza kila kitu, kama unavyojiona kwenye kioo. Kuna kitufe cha kuzuia, mimi sikukijua. Hiyo ndiyo kasoro uliyokuwa unaitafuta.

Mama Natalia bado ananiwekea maziwa. Anayaweka mezani, anaondoka.

Nimekupigia kwa simu ya zahanati, hupatikani; nakuomba barua hii imtangulie.

Odilia

Daudi, 16 Julai 2022

Mwanangu,

Haikumtangulia.

Nilimkuta nje asubuhi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimgeuza ng'ombe nimwone upande huu na upande huu. Mkato ni wangu, baka ni lile. Mama yako alimletea maji, akanywa akiwa amesimama. Akanipa mkono wa kulia, na mimi, Mungu anisamehe, nikautazama kwanza ndipo nikaupokea. Alinikabidhi kamba, akaondoka. Barua yako imefika baada ya hapo.

Naona aibu, Odilia. Nimemtuhumu mtu aliyekulisha.

Kijana wa Lukasi ana kamera, hii haigeuzi, tumehakikisha kwa maandishi ya kalenda. Nimesema maneno yangu yote ya kumwomba Basili radhi. Kadi iko humu. Mwonyeshe.

Baba yako

Gendabi, 27 Julai 2022

Baba,

Shikamoo. Pole na mawazo. Nisalimie mama.

Kadi nilimpelekea Mzee Basili nyumbani kwake, maana sasa nakaa chumba cha nyuma cha zahanati. Hakunifukuza mtu, nilishindwa tu kukaa kwenye ile meza. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za kazi. Kadi aliishika, akanirudishia. Alisema sura yako anaijua na sauti yako anaijua, haoni hicho kidude kitamletea nini kipya.

Zizi lake liko wazi, halina kitu. Hajalifunga wala hajaingiza mwingine.

Kwaya nimewaambia kamera inafaa kwa nyimbo.

Mwanao,
Odilia

Daudi, 4 Agosti 2022

Odilia,

Salamu nitakupa kwa mdomo. Barua hii nampa kondakta Vicent, itafika kabla yangu.

Mimi na ng'ombe tunaondoka asubuhi hii. Goti linauma, na yeye anapenda kusimama kila palipo na majani, kwa hiyo hatutagombana njiani. Kamera iache huko huko ndani. Mama Natalia asinipikie. Akipika, nitakula.

Basili usimwambie nakuja. Ile njia ya kwake unaijua, mtu anaonekana tangu kule mbali. Ataniona, na atakuwa na muda wa kutosha kuamua kama analifunga zizi.

Baba yako