Peni Niliyoisugua kwa Ndimu

Mjukuu wangu Salma,

Salamu tele kutoka Guangzhou. Sisi wazima. Baba yako mdogo anashinda sokoni Shahe na marobota yake ya nguo, na bibi yako siku hizi anabishania bei kwa Kichina.

Unauliza sarafu gani ya zamani ya Kiingereza naipenda kuliko zote. Ni peni yangu isiyo na sura. Jumapili wakusanyaji wenzangu wa sarafu walikuja kwetu, kila mtu akaweka mezani aipendayo. Mzee Chen aliikagua peni yangu kwa lenzi, akasikitika.

“Nani kaisugua hii? Kichwa cha mfalme kimekwisha.”

Nikamwambia ni mimi. Ujanani niliisugua kwa ndimu na majivu ing'ae kama dhahabu, nikampelekea msichana niliyemtaka.

“Akakubali?”

Nikamwonyesha kwa kidole bibi yako, anamimina chai. Meza nzima ikacheka. Chen akasukuma dola yake ya fedha pembeni, akaiweka peni yangu katikati.

Bibi yako akasema, “Mimi peni hata sikuitazama. Niliona vidole vyake vilivyochubuka.”

Miaka yote hiyo, Salma, mimi naishukuru peni.

Babu yako