Njiwa Walirudi Kabla Yetu

Jumapili, 6 Julai

Nimepiga pasi mashati manne. La tano halina kifungo, litavaliwa hivyo hivyo. Ramazani yuko juu ya ngazi nyuma ya nyumba tangu saa moja asubuhi, anazungumza na njiwa wake kuhusu safari. Sitanii. Anawaeleza njia.

Kesho tunaenda vakansi. Mimi na yeye, peke yetu, siku nane. Tuna miaka thelathini na moja ya ndoa na hatujawahi kusafiri wawili, ila misibani, na msibani wanawake wanalala kwao na wanaume kwao. Kila mwaka nikishafunga darasa langu la tatu namwambia twende mahali. Kila mwaka jibu ni lile lile: nani atachunga njiwa? Garaji anaweza kuifunga. Njiwa, hapana.

Safari hii binti yetu Sifa, aliyeolewa Likasi, amepekua simu yake mpaka akapata nyumba ndogo ya kupanga kwenye bonde la mto, mbele ya Kinsevere, mbali na kelele zote. Mwenye nyumba ameandika kwamba wageni wanaweza kuja na wanyama wao. Sifa alimsomea baba yake maneno hayo mara mbili. Ramazani akaenda kutafuta matenga. Nilifurahi sana kumwona akiyatafuta.

Niandike wazi, maana daftari ni langu. Nataka siku nane mume wangu aniangalie mimi. Siombi zaidi.

Jumatatu, 7 Julai

Tumefika. Matenga mawili, njiwa tisa, taksi moja, na dereva aliyepiga chafya njia nzima kwa sababu ya manyoya.

Anayetunza nyumba anaitwa Ba Mutale, mtu wa makamo, mpole, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametayarisha bakuli la maji na mifupa miwili chini ya baraza. Akachungulia tenga. Akachungulia la pili.

"Mama, baliniambia mutakuya na imbwa."

Nikamwambia hata mimi, Mwislamu, leo ningependelea mbwa. Mbwa angalau unamfunga kwenye mti unaendelea na maisha yako.

Nyumba ni nzuri kupita picha. Tofali nyekundu, paa la nyasi, baraza inayotazama mto. Hakuna ukuta. Kwetu Lubumbashi, mtaa wa commune ya Kenya, kila kipango cha nyumba kina ukuta na juu ya ukuta chupa zilizovunjwa. Hapa ni nyasi kavu, miti, na nyuma ya nyumba kichuguu kirefu kuliko paa. Simu inashika juu ya kichuguu tu. Ba Mutale amechonga vidato vya udongo ili wageni wapande. Baridi kali, nimevaa sweta mbili.

Vyumba viwili. Kikubwa chetu. Kidogo, chenye kitanda na shuka nyeupe, cha njiwa. Ramazani anasema wakiachiliwa watarudi moja kwa moja Lubumbashi, kwa hiyo lazima wafungiwe. Amewatandikia magazeti vizuri, kona kwa kona. Mimi sijatandikiwa kitu.

Jumanne, 8 Julai

Nimetembea kando ya mto peke yangu. Maji membamba, meupe, unaona kila jiwe. Ba Mutale anasema mto huu unaishia kwenye mto Lufira. Nimeona ndege mdogo wa buluu mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Alijitupa majini akatoka na samaki. Nilikimbia kumwambia Ramazani.

"Aah," alisema.

Alikuwa chumba cha njiwa tangu sala ya alfajiri. Direktrise hali vizuri. Direktrise, yaani mwalimu mkuu, ni njiwa jike mwekundu, mzee kuliko wote, ndiye aliyewazaa nusu yao. Jina alimpa yeye. Mimi nimefundisha miaka ishirini na sita na hakuna aliyenipa udirekta, lakini njiwa anao.

Nilipika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Alikula amesimama mlangoni, sikio moja kwa njiwa. Nina hasira. Sikupanda taksi ile na sweta mbili ili niwe mgeni wa njiwa.

Jumatano, 9 Julai

Nimefanya kitu kibaya.

Asubuhi Ramazani alikwenda na Ba Mutale kukata fito za kuwatengenezea njiwa mahali pa kukaa. Nikaingia kufagia chumba chao. Nilifagia kweli. Kisha nikavuta komeo nikafungua dirisha. Hawakutoka. Walinitazama tu, wote tisa. Ningeweza kufunga. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kufunga. Nikapunga ufagio.

Walipanda juu ya mto, wakazunguka mara mbili, wakashika upande wa Lubumbashi. Direktrise alikuwa wa mwisho. Alikuwa nyuma sana.

Ramazani aliporudi na fito begani nilimwambia upepo umesukuma dirisha. Mwezi huu upepo upo, mtu anaweza kuamini. Aliamini. Hakupiga kelele, hakuuliza mara mbili. Alikaa kwenye ngazi ya baraza akasema mwewe ni wengi njiani. Basi.

Angepiga kelele ningejisikia vizuri.

Alhamisi, 10 Julai

Siku nzuri kuliko zote. Naona aibu kuiandika.

Ramazani hana wa kumlisha, hana wa kumsafishia, mikono haijui iende wapi. Akanifuata mtoni. Tulikunja nguo tukaingia maji mpaka magoti, baridi ya kukata mifupa, nikapiga yowe, akacheka mpaka akashika mti. Alimwona yule ndege wa buluu. Alimwona yeye mwenyewe, akanishika mkono kunionyesha, kana kwamba sikumwambia juzi. Nikajifanya sijawahi kumwona.

Mchana alitengeneza redio ya Ba Mutale. Kisha akanisimulia mambo ya baba yake yaliyotokea kabla hatujaoana, ambayo sijawahi kuyasikia. Thelathini na moja, na bado kuna mapya. Alinitazama wakati anasimulia. Nimepata nilichotaka. Nimekipata kwa uongo.

Jioni kabla jua halijazama tulipanda kichuguu tukampigia Mama Kapinga, jirani yetu wa ukuta mmoja. Njiwa saba wamefika. Ramazani alisema Alhamdulillah mara tatu. Lakini Mama Kapinga alitaka kuongea na mimi.

"Mama Sifa, balikuya benyewe, saba, beko juu ya nyumba. Kule kuko nini?"

Nikasema hakuna kitu. Akasema eeh. Eeh ndefu ile. Naijua.

Kwetu kila mtu anajua kwamba njiwa hakai penye ugomvi. Wenye nyumba wakianza kutoelewana, njiwa wanahama kabla ya watu. Sasa njiwa wetu wamekimbia kutoka kwetu sisi wawili, barabara nzima inawaona juu ya bati, na Mama Kapinga ana mdomo.

Ijumaa, 11 Julai

Wanane wamefika. Direktrise bado.

Ramazani amepanda kichuguu mara sita. Hapa hakuna msikiti karibu, tumesali barazani, yeye mbele, mimi nyuma. Baada ya sala aliinua mikono akamwombea njiwa, wazi, kwa sauti, kwamba Mungu amfikishe. Sikuweza kusema amina.

Nilitaka kumwambia pale pale. Akageuka akasema, kwa upole, nisijilaumu, si kosa langu, dirisha lenyewe bovu. Nikaanza kukunja mkeka. Mimi mwoga.

Nilipopanda kichuguu Sifa alipiga simu kuuliza kama ni kweli tunaachana.

Jumamosi, 12 Julai

Wamekuja.

Saa nne na nusu, taksi, vumbi, honi. Akashuka Yaya Asha, dada mkubwa wa Ramazani, kitambaa kichwani kama siku ya Idi. Akashuka kaka yangu Saidi, ili na upande wangu usikilizwe. Akashuka Mama Kapinga, ambaye hana upande, lakini nani angemzuia. Kwenye buti kuku wawili hai, unga, sufuria kubwa na godoro. Wamekuja kutupatanisha. Ba Mutale alinong'ona akiuliza kama hawa nao ni wanyama wanaokaribishwa, au mwenye nyumba aandike upya.

Ramazani alipinga kabisa. Hakuna ugomvi. Hawakumsikiliza. Tulikalishwa kama inavyofanywa: yeye kiti kimoja na dada yake, mimi kiti kingine mbali na Saidi, mkeka katikati, Mama Kapinga kwenye mkeka.

"Ramazani, ulimufanya nini muke wako?" Yaya Asha aliuliza.

Alisema hajanifanya kitu. Upepo ulifungua dirisha. Yaya Asha akasema upepo unafungua dirisha, lakini haufukuzi njiwa. Njiwa wa nyumba yenye amani dirisha likifunguka wanakaa. Hapo nikataka kucheka, maana ni kweli. Walikaa. Ndiyo maana ilibidi ufagio.

Kisha Ramazani akanitetea. Wale watatu walikuja na maswali juu yake, na yeye hakujitetea hata kidogo, alinitetea mimi. Kwamba sijawahi kumwonyesha uso mbaya mbele ya wageni. Kwamba mwaka garaji ilipoungua nilikula mara moja kwa siku nikamwambia nafunga sunna. Sikujua kama alijua. Kwamba kama kuna mtu asiyeweza kumdanganya duniani, ni huyu.

Nikasimama. Nikasema nilifungua mimi.

Yaya Asha alishika kitambaa chake kichwani.

Nikasema yote: komeo, ufagio, nilivyowapungia. Saidi akauliza kwa nini, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kwa ajili ya dada yake. Nikamtazama Ramazani, si Saidi. Nikasema nimechoka kuwa wa kumi. Wao tisa, mimi wa kumi. Sikulia. Nilidhani nitalia.

Mama Kapinga alipiga makofi mara moja, polepole, akashika kidevu. Hii itafika commune yote ya Kenya kabla ya Jumatatu.

Yaya Asha alikata shauri. Mwajuma, yaani mimi, amekosa, kusema uongo ni kosa, atatoa kuku. Ramazani amekosa kabla yake, na tangu utoto ndivyo alivyo, alikuwa hivyo hivyo na sungura, naye atatoa kuku. Saidi akamkumbusha kwamba hapa hakuna mwenye kuku ila baraza lenyewe la wapatanishi. Yaya Asha akafikiri. Akasema basi tutatoa hawa hawa.

Ramazani aliinuka akaenda mtoni peke yake. Nilichinjiwa kuku, nikawanyonyoa, nikapika kwenye mbabula mbili za makaa, macho njiani. Alirudi chakula kikiwa tayari. Alikula na wanaume. Hakunitazama. Wageni wamelala vyumba vyote viwili. Mama Kapinga amelala kwenye shuka nyeupe ya njiwa na anasema hajawahi kulala pazuri hivyo.

Jumapili, 13 Julai

Wapatanishi hawakutaka kuondoka. Yaya Asha aliingia mtoni na nguo zake zote, miaka sitini na nane, akamrushia Saidi maji. Mama Kapinga amenunua samaki wa Ba Mutale tenga zima. Walisema ingefaa tugombane kila mwaka.

Saa tano taksi ikawaka. Ndani kulikuwa na nafasi moja. Nyumba ni yetu mpaka Jumanne, lakini Direktrise bado hajaonekana, siku ya tano leo, na mtu akiwa kule angepita mitaani kuuliza, angepanda juu kuita. Ramazani ana mluzi ambao Direktrise anaujua. Nikamwambia nenda. Nilimwambia kwa moyo, si kwa kumpima. Nikasema kamtafute, mimi nitarudi Jumanne, sina kinyongo, na ikiwa amekufa mimi ndiye niliyemuua.

Hilo la mwisho sikulipanga. Lilitoka lenyewe.

Ramazani alitazama kile kiti kwa muda mrefu. Yaya Asha alimfungulia mlango. Dereva alizima moto, akawasha tena. Ramazani akachukua tenga la samaki la Mama Kapinga kutoka miguuni pake, akaliweka juu ya kiti, akalifunga vizuri kwa kamba lisianguke, akafunga mlango.

"Muende muzuri," aliwaambia.

Mchana Ramazani alichoma majani makavu nyuma ya nyumba. Mimi nilifua shuka nyeupe.

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Ukungu umelala juu ya mto mpaka saa tatu.

Direktrise hajafika. Ramazani alipanda kichuguu mara moja tu, akashuka, akatikisa kichwa. Nilimwambia pole. Akasema ahsante, kama mtu anayepewa pole msibani.

Tumekaa barazani na chai. Alikaa kiti cha kule mwisho, mimi huku. Akasema bado ana hasira na mimi. Nikasema najua. Akasema hajui itaisha lini, labda mpaka mvua zianze. Nikasema hata mimi nilikuwa na yangu na ilichukua miaka. Akawaza. Akasema miaka ni mingi.

Kisha akainuka, akakokota kiti chake sakafuni, kile kizito cha mbao, mpaka kikagusa changu. Akakaa. Chai yake ilipoisha alikunywa yangu.

Kesho taksi saa nne.