Isale Lililokanyagwa

Kibosho, 7 Agosti 2022

Mwanangu Vicky,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Nimekupigia simu mara nyingi, anapokea karani wako, ananiambia wakili yuko kwenye kikao. Basi naandika, maana barua haina karani. Nimempa Mektrida anayeshusha maziwa Pasua, huko mjini, akuletee mkononi.

Kaka yako Thadeus hana vidole. Nakuambia hivyo hivyo kwa sababu sijui njia nyingine ya kulisema. Ildefonce, mtoto wa baba yako mdogo, aling'oa mimea ya masale mpakani akaipanda upya ndani ya kihamba chetu, katikati ya kahawa. Thadeus akaenda kuing'oa. Hawakutukanana sana. Ildefonce alimkata panga mkono wa kulia ukiwa umeshika shina, vidole vinne vikabaki kwenye udongo. Niliviokota mimi kwa kanga. Hospitali wamesema haviungiki tena.

Ildefonce yuko polisi. Njoo, mwanangu. Unakaa Shirimatunda, hapo Moshi, si Ulaya.

Mama yako

Moshi, 10 Agosti 2022

Mama mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Mimi mzima wa mwili, pole sana na magoti, na pole na hayo mengine ambayo sijui niyape jina gani.

Barua yako niliisomea mahakamani. Nilikwenda chooni nikapiga ukuta ngumi mpaka mkono ukavimba, kisha nikarudi nikashinda kesi ya watu. Ndiyo kazi yenyewe. Jana nilipita wodini, Thadeus alikuwa amelala, nikakaa kidogo, simu ikaniita. Huyo mbwa nitahakikisha anaoza jela. Kesi ni ya Jamhuri, si yangu, ila mwendesha mashtaka nitamkalia kooni. Ya mpaka nitaifungua mwenyewe kwenye baraza la ardhi.

Wiki hii siwezi kupanda huko. Ofisini wanachagua mbia mpya, na wanaotajwa ni mimi na mwanamume mmoja ambaye hana mama wa kumpigia simu. Nakutania, usinune.

Binti yako, Vicky

Kibosho, 16 Oktoba 2022

Mwanangu Vicky,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za kazi? Unakula? Thadeus anaendelea vizuri, anajifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, anajimwagia kama mtoto.

Mambo yamegeuka. Ildefonce yuko nje kwa dhamana. Jana alimtuma meku Valerian, mkubwa wa ukoo, alete neno. Jumapili ijayo atakuja na jani la isale na pipa la mbege, apige magoti mbele ya watu wote aombe msamaha, na mpaka aurudishe alipoukuta. Unajua mwenyewe isale likishaletwa halikataliwi. Marehemu baba yako alichomewa nyumba, lakini alipoletewa isale alilipokea.

Thadeus hajasema kitu, ila leo amemaliza bakuli zima la mtori, na huyo akila ujue ameshakubali. Magdalena, mke wa Ildefonce, alikuja kulia jikoni kwangu. Nami nimechoka kulala na panga chini ya kitanda. Lakini mwenye sheria ni wewe. Tufanyeje? Njoo Jumapili uwepo.

Mama yako

Moshi, 18 Oktoba 2022

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula, usiwe na wasiwasi.

Msilipokee. Nisikilize vizuri, Mama. Kesi itasikilizwa hivi karibuni na Thadeus ndiye shahidi mkuu. Akipokea isale, wakili wa Ildefonce atamuuliza kizimbani: si mlishapatana, si ulikunywa mbege yake? Mashahidi wengine wote ni ndugu, watanywea. Mtu akate mwenzake vidole halafu arudi nyumbani kwa sababu ya jani! Mwambie Thadeus hili ni agizo la wakili, si la dada. Akatae mbele za watu, wasikie wote, isije ikasemwa baadaye kwamba alikubali kimyakimya.

Jumapili nitakuwa Arusha na mteja. Kazi hiyo ikienda vizuri, jina langu litaandikwa kwenye kibao cha mlangoni.

Binti yako, Vicky

Kibosho, 30 Oktoba 2022

Mwanangu Vicky,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini Arusha ilikwenda vizuri.

Alikataa kama ulivyosema. Ildefonce alipiga magoti uani, ameshika isale kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Thadeus akalichukua kwa mkono wa kushoto, akalitupa chini, akalikanyaga kwa buti la shamba mpaka likasagika. La kukanyaga hukumwagiza, najua. Meku Valerian alitema mate akaondoka, watu wote wakamfuata, mbege ikabaki uani na nzi.

Jumatano tulimkuta ng'ombe wetu amekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, anajivuta kwa kifua bandani. Thadeus alimmaliza mwenyewe kwa shoka, kwa ule mkono wa kushoto, akikosea na kurudia. Niliziba masikio lakini nilisikia. Tangu hapo anashinda anafyeka migomba isiyo na kosa, anauzoesha mkono panga. Namwogopa mtoto niliyemzaa.

Njoo uongee naye. Nakuomba kama mama, sikuombi kama mteja.

Mama yako

Moshi, 9 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Najua huli vizuri, Mektrida ameniambia. Mimi pia silali.

Barua yako ile ya Oktoba mwaka juzi sikuijibu. Niliiweka kwenye mkoba nikasema nikitulia. Sikutulia, na mwezi uliofuata, siku niliyopanda huko, nilipanda kwa ajili ya maiti. Bado naona ule mfereji wa maji, Ildefonce amelala humo kifudifudi, kichwa kimepasuliwa hadi shingoni, maji yanateremka kwa jirani yakiwa mekundu. Na Thadeus amekaa kando, panga mapajani. Hakukimbia. Aliniambia tu, "Vicky, leo umekuja."

Sasa ni hivi. Wakikubali kwamba aliua kwa hasira ya ghafla, atafungwa miaka. Wakisema alikusudia, ni kunyongwa. Wakili wake, Ndelilio, anasema upande wa mashtaka wameshika jambo moja: ukoo mzima utaapa kwamba aliletewa isale akalikanyaga, kwa hiyo tangu siku ile alishaamua kuua. Wa kueleza kwa nini alilikataa ni mimi. Nikisimama, nitaulizwa nilimshauri nini, na gazeti litaandika.

Wenzangu ofisini wamenipa uhuru wa kuchagua: kusimama kizimbani au kubaki mbia. Jina langu lilipakwa rangi kwenye kibao mwezi uliopita. Thadeus amemkataza Ndelilio kunitaja. Sijui nifanyeje, Mama.

Vicky wako

Kibosho, 12 Februari 2024

Victoria,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimekwenda mahabusu kumwona kaka yako. Anasema usije. Anasema nyumba hii imebakiwa na mtu mmoja mwenye jina, tusilichafue. Nilimsikiliza, nikamwambia nimesikia.

Sasa nisikilize na mimi. Nina hasira na wewe, nakupenda na nina hasira mpaka rozari inanishinda. Nilikuuliza kwa sababu umesoma. Ningemuuliza jirani ningekuwa na watoto wangu wawili, na Magdalena angekuwa na mume. Wakimnyonga Thadeus nawe umenyamaza nyuma ya kibao, siku yangu ikifika usishike jeneza langu.

Njoo useme.

Mama yako

Moshi, 25 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Nimerudisha funguo za ofisi. Kibao watakishusha wenyewe.

Kesho ukifika mahakamani usinitafute ndani, shahidi hukaa nje mpaka aitwe. Magdalena naye ameitwa. Nilimuuliza karani wa mahakama kama kuna mahali pengine pa kusubiri. Hakuna, benchi ni hilo moja.

Binti yako, Vicky